Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: watoto wanafundishwa kuzomea

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri yetu,
Mkoa wa Mwanza.

Ione pia: Afisa Elimu, Awali na Msingi.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: WATOTO WA SHULE YA MSINGI KUFUNDISHWA KUZOMEA BADALA YA KUTOA POLE

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mzazi wa watoto watatu. Wawili wanasoma shule ya msingi ya kata yetu, ambayo jina lake nimeliacha kwa makusudi kwa sababu sitaki mwalimu mmoja atolewe kafara halafu mambo yaendelee vilevile. Nafanya biashara ya dagaa. Naanika mwaloni kwetu, pale ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, nauza sokoni Kirumba. Kama umewahi kula dagaa wa Mwanza waliokauka vizuri, wasio na mchanga, huenda mimi na wewe tulishakutana bila kujuana.

Barua hii si ya kwanza. Nilianza na mwalimu wa darasa, akaniambia, "Mama, hayo ni mambo ya watoto." Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Alinipa kiti, akanipa maji ya kunywa, akanisikiliza vizuri sana, na hapo ndipo palipoishia. Kwenye kamati ya shule hoja yangu iliwekwa kwenye "mengineyo", na mengineyo hayakufikiwa kwa sababu mvua ilianza. Afisa Elimu Kata akanishauri niandike. Nikaandika, nikapeleka masjala ya ofisi yako, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Huu ni mwezi wa nne tangu siku hiyo. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Heshima yangu kwako iko palepale, ila subira imekwisha.

Nianze na kilichotokea.

Jirani yetu mmoja, mvuvi wa dagaa, alitoka usiku wa giza kama kawaida yao, maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliki. Upepo ukawakuta ndani, mtumbwi ukapinduka. Wenzake wawili waliokolewa na mtumbwi mwingine. Yeye alipatikana siku ya tatu. Sisi wa kando ya Ziwa misiba ya namna hii tunaijua. Inapozama MV Bukoba, kama Mei 21, 1996, au MV Nyerere pale Ukara, Septemba 20, 2018, nchi nzima inalia pamoja nasi na bendera inapepea nusu mlingoti. Ukizama mtumbwi mmoja wenye watu watatu, wanalia wa mwaloni tu.

Marehemu ana mtoto wa kiume anayesoma darasa la nne na mwanangu. Alikaa nyumbani siku za matanga, Jumatatu akarudi shule. Mwalimu alikuwa anakagua kazi ya nyumbani ya hesabu. Mtoto hakuwa nayo. Akasimamishwa mbele, akaulizwa sababu, akashindwa kusema, akaanza kulia. Mwalimu akageukia darasa: "Mzomeeni huyo." Watoto zaidi ya mia, kwa sauti moja, wakamzomea mwenzao aliyezika baba wiki iliyopita.

Haya sikuambiwa na mwalimu wala na mama wa mtoto. Niliyajua jioni, tukiwa tunakula, pale mwanangu alipokuwa akiwaigizia wadogo zake jinsi mwenzake alivyokuwa analia, mabega yakipanda na kushuka, nao wakicheka hadi kupaliwa. Nimekaa na jambo hili miezi yote hii na bado linanichoma. Mwanangu hakuzomewa. Mwanangu alizomea. Nilimuuliza, "Hukumpa pole?" Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho hakikuwepo kwenye somo.

"Mwalimu hakusema."

Sasa hoja zangu.

1. Kuzomea kumekuwa zana ya kufundishia. Aliyepata anapigiwa makofi, aliyekosa anazomewa. Anazomewa mwenye kigugumizi akikwama kwenye neno, anazomewa aliyekuja na kaptula iliyochanika, anazomewa aliyejikojolea. Wa kwangu wenyewe walipokuwa darasa la kwanza walizomewa kwa kunuka dagaa, ingawa hao dagaa ndio walionunua madaftari.

Sina nia ya kufufua mjadala wa viboko. Huo tuliufanya sana Kanda ya Ziwa mwaka 2018, mtoto wa miaka 13 alipofariki kule Bukoba baada ya kupigwa shuleni. Lakini angalia kichekesho hiki: kiboko angalau kina kanuni. Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, apige mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana apigwe na mwalimu wa kike, kisha iandikwe kwenye daftari maalumu. Sisemi kanuni hizo zinafuatwa, nasema zipo. Kuzomea hakuna kiwango, hakuna daftari, hakuna wa kusaini, na hakuachi alama ambayo mama ataiona akimwogesha mtoto jioni. Tena kiboko anapiga mtu mzima mmoja. Kuzomea kunawapa watoto mia kazi ya kumuumiza mmoja, na wanapongezwa kwa kuifanya kwa sauti kubwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumfanyia mtoto mambo ya kumdhalilisha. Sidhani waliotunga walisahau kuandika "isipokuwa kipindi cha hesabu".

2. Maadili yanaishia ubaoni. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 una somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na nilifurahi nilipoliona kwenye ratiba. Nikafungua daftari la mwanangu. Ameandika kwa mwandiko mzuri kabisa maana ya huruma, akataja na faida zake, namba moja hadi tano. Amepata zote. Pembeni kuna vema nyekundu na neno "vizuri". Tarehe yake ni wiki ileile aliyomzomea mwenzake.

Simlaumu mtoto, na kwa kweli hata mwalimu simlaumu sana. Yule mtoto alijifunza yote mawili aliyofundishwa: la kwanza kwa kunakili, la pili kwa kutenda. Tunajua ni lipi linalokaa.

3. Watoto hawana maneno. Hili ndilo ninalotaka ulisome taratibu, kwa sababu kila nilipolisema watu walidhani natania.

Muulize mtoto wa darasa la tatu anajisikiaje. Atakwambia "poa" au "vibaya". Ukimbana zaidi atasema "nimekasirika". Kafiwa, kakasirika. Kaachwa kwenye rede, kakasirika. Anaogopa kurudi nyumbani kwa sababu baba amelewa, kakasirika. Na Kiswahili chetu si maskini kiasi hicho. Kuna hasira inayokuja na kupita, kuna hamaki inayolipuka ghafla, kuna kinyongo kinachokaa moyoni hata miaka. Kuna wivu, na kuna kijicho ambacho ni kibaya zaidi. Kuna haya, inayotoka ndani yako mwenyewe, na kuna aibu unayotiwa na watu. Kuna woga, fadhaa, jakamoyo, upweke, simanzi. Na kuna kihoro, ile huzuni ya aliyeondokewa. Neno la yule mtoto pale mbele ya darasa lilikuwa hilo, kihoro, limo kwenye kamusi, na hakuna mtu mle darasani aliyemfundisha. Nyumbani kwao wanaongea Kisukuma na huko labda analo lake, lakini shuleni Kisukuma hakitakiwi, kwa hiyo akabaki na machozi.

Mimi kwa kazi yangu nina majina ya dagaa: wa mchangani, wa kwenye chanja, walionyeshewa, waliovunjika. Ninayo kwa sababu bei inategemea. Nikiwaita wote "dagaa" tu nitauza wazuri kwa bei ya wabovu. Mtoto mwenye neno moja kwa maumivu yote naye anayauza yote kwa bei moja, na kwa wavulana bei hiyo huwa ni ngumi.

4. Mahali pa kusemea hapapo. Tumeambiwa kila shule iwe na dawati la ulinzi na usalama wa mtoto, na mwalimu wa ushauri na unasihi. Shuleni kwetu dawati hilo ni karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa stoo. Mwalimu wa unasihi ndiye huyohuyo wa hesabu.

Hoja zimeisha. Majibu yenu nayajua, maana nimeshajibiwa njia nzima, kwa hiyo tuokoe muda.

Mtasema darasa ni kubwa. Ni kweli kabisa, na ningeomba mtu yeyote anayewasema walimu akasimame mbele ya watoto 100 kuanzia asubuhi hadi mchana kabla hajafungua mdomo. Mwalimu anazomesha kwa sababu ndiyo njia ya haraka ya kuwakamata wote kwa pamoja. Naelewa. Lakini kuna njia nyingine ambazo nazo hazihitaji darasa dogo. Darasa la kwanza mnahesabia vizibo vya soda. Vizibo hivyohivyo vinaweza kufanya kazi nyingine: makopo matatu mlangoni, moja la aliyeamka vizuri, moja la mwenye jambo linalomsumbua, moja la anayehitaji kuongea na mtu. Kila mtoto ana kizibo chenye namba yake, anakidumbukiza akiingia. Mwalimu anaangalia kopo la tatu peke yake. Siku nyingi litakuwa na vizibo viwili au vitatu. Siku ile ya Jumatatu lingekuwa na kimoja.

Mtasema hiyo ni kazi ya wazazi. Hapa nanyoosha mkono mwenyewe. Nyumbani kwangu sentensi inayosemwa kuliko zote ni "nyamaza". Mtoto akianguka, nyamaza. Wa kiume akilia, nyamaza, mwanaume halii. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wetu walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18, na waliotajwa ni ndugu wa nyumbani na walimu. Hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole. Ila mimi saa kumi na moja alfajiri niko mwaloni nasubiri mitumbwi, na mtoto saa moja na nusu yuko shule. Saa zake za akili kuchangamka anazo mwalimu. Jioni mimi napewa mabaki, na mimi mwenyewe nimechoka.

Hata hivyo sehemu yangu niliifanya. Kesho yake nilimshika mkono mwanangu tukaenda kwa jirani kutoa pole. Njiani nilimfundisha la kusema. Tulipofika alisimama mlangoni, mikono hajui aiweke wapi, akasema "pole" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Mwenzake alimtazama kitambo, kisha akauliza, "Umekuja na mpira?" Hatukuwa nao. Wakatengeneza wa makaratasi na kamba ya nyavu, wakaenda kucheza chandimu kwenye mchanga, juu ya eneo langu la kuanikia. Sikuwafukuza. Dagaa walichelewa siku hiyo.

Nilichojifunza ni kwamba ilichukua dakika tano. Mtoto wa miaka kumi hakuwa na roho mbaya, alikuwa hajawahi kuonyeshwa.

Mtasema haya ni mambo ya Wazungu. Hili hunichekesha. Mwaka 1996, mwaka uleule tuliozika watu wa MV Bukoba, mwalimu mmoja kule Toronto, Kanada, aitwaye Mary Gordon, alianzisha mpango wa kupeleka mtoto mchanga darasani. Kichanga cha miezi michache na mzazi wake wanatembelea darasa moja karibu mara tisa kwa mwaka. Watoto wanakaa kuzunguka blanketi la kijani, wanamwangalia mtoto, wanaulizwa: sasa analia nini, amechoka au ameogopa? Umejuaje? Na wewe ukiogopa unafanyaje? Mpango umeshaenda hadi nchi nyingine. Wao ilibidi waazime kichanga. Sisi watoto wa kike wa darasa la nne wanabeba wadogo zao mgongoni kila jioni, wanajua kilio cha njaa na kilio cha usingizi wakiwa wamefumba macho, halafu asubuhi tunawaambia elimu iko kwenye daftari. Na neno "pole" lenyewe ni letu. Mtu akijikwaa mbele yako unampa pole ingawa si wewe uliyeweka jiwe. Msibani watu wanakesha na mfiwa bila kumwambia chochote. Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao, na kati ya watu 43 waliokuwemo, 24 walitoka hai. Hakuna Mzungu aliyewatuma.

Mtasema watoto watadeka na kulegea. Yule mtoto alikuwa darasani wiki moja baada ya kumzika baba yake. Sijui mnataka akakamae kiasi gani tena.

La fedha mtalisema mwisho, kwa hiyo nami naliweka mwisho. Silihitaji. Najua ruzuku ya mwanafunzi wa msingi imepangwa Sh10,000 kwa mwaka, na najua haitoshi hata chaki. Ninayoomba hayana tenda.

Naomba haya:

(a) Waraka wa ukurasa mmoja kwa shule zote za Halmashauri, unaosema kuzomea wanafunzi kama adhabu au kama njia ya kufundishia ni marufuku, na wathibiti ubora wa shule waliangalie wanapokagua kama wanavyoangalia maandalio ya masomo.

(b) Utaratibu wa mtoto aliyefiwa. Mwenyekiti wa mtaa anaijua misiba yote, amjulishe mwalimu mkuu. Mwalimu wa darasa amwambie darasa kabla mtoto hajarudi, awafundishe la kusema na la kutosema. Mtoto asidaiwe kazi wala michango kwa wiki mbili za kwanza. Haya kila mtu atayakubali kwa mdomo, ndiyo maana nayataka kwa maandishi.

(c) Dakika kumi kila asubuhi baada ya mstarini, darasa la kwanza hadi la nne, za makopo na vizibo na neno moja la hisia kwa wiki. Wiki ya kinyongo. Wiki ya upweke. Watoto wenyewe watoe mifano, na nawahakikishieni mifano wanayo.

(d) Siku moja ya mafunzo kwa walimu wa unasihi, ifanyike kwenye darasa la shule yoyote siku ya Jumamosi, mwezeshaji awe Afisa Ustawi wa Jamii wetu wenyewe. Tafadhali isiwe hotelini. Na mwalimu wa hesabu apunguziwe huo unasihi, apewe mwenye moyo nao, hata kama ni mwalimu wa ajira mpya.

(e) Dawati litoke kwenye mlango wa stoo liwe na kiti, mtu, na saa inayojulikana. Namba 116 ya Simu kwa Mtoto iandikwe kwa rangi ukutani, chini, usawa wa macho ya mtoto. Sasa hivi imeandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, juu ya kabati.

Vizibo nitaleta mimi, gunia zima. Baa za huku mwaloni wanavitupa bure.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku thelathini, kupitia masjala ileile. Nakala yangu ya barua ya kwanza bado ninayo, ina muhuri wenu na tarehe. Nitakuja kuulizia siku za Jumanne, ambazo siendi Kirumba.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama wa mwanafunzi wa darasa la nne,
muuza dagaa.

Nakala:
Mthibiti Mkuu Ubora wa Shule wa Wilaya
Afisa Ustawi wa Jamii
Diwani wa Kata
Mwenyekiti wa Kamati ya Shule (tafadhali isiwekwe kwenye mengineyo)
Mwalimu wa darasa la nne, ambaye mwanangu anampenda sana